Figa Chini ya Barafu

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Haikaeli alikwenda kumsikiliza mwanawe.

Kipaza sauti kilikuwa kwenye kona ya chumba cha mitambo, juu ya meza yenye doa la kahawa ambalo hakuna aliyejisumbua kulifuta. Alizungusha kitufe, akangoja makelele yapungue, na mlio ukaja: tii, kisha kimya kirefu, kisha tii. Ulikuwa mlio wa kengele, na kengele hiyo hushonwa kwenye koti la kila fundi apandaye Barafu, na haihitaji betri, maana hula uzito wa barafu yenyewe. Ikibanwa, inalia. Mwanawe, Nderingo, alikuwa amebanwa huko ndani miaka mingi, na kengele yake haijachoka.

"Umeamkaje, baba," Haikaeli alisema, kisha akaenda kuchemsha chai.

Wenzake pale kituoni walishazoea. Tesha, fundi aliyekuwa na Nderingo siku ile ufa ulipofunguka, hata alijifunza kutopita kwenye kona hiyo asubuhi, akazunguka na ndoo zake kwa nje ingawa baridi ya huko juu ilikuwa inakata masikio.

Theluji ya zamani, ile ya kwenye picha, ilikwisha kabla Haikaeli hajazaliwa. Barafu hii ni ya kutengenezwa. Wazee wa mlimani walitandaza nyavu za kunasa ukungu, wakavuta maji ya masika kwa pampu hadi juu kabisa, wakayarusha hewani baridi inapokuwa kali, na jua likitoka wakayafunika kwa mashuka meupe mapana kuliko mashamba. Walifanya hivyo tangu ujana wao mpaka meno yakawatoka, mpaka likapatikana pande la barafu zito kiasi cha kuanza kuteremka lenyewe. Chini yake walikuwa wamelaza mishipa, yaani mabomba ya maji ya moto. Mishipa ikifungwa, barafu hugandamana na mwamba na kujivuta taratibu, kama bibi mwenye magoti mabovu. Ikifunguliwa, maji hupita katikati, barafu huteleza, na hapo ndipo inapoanza kusaga. Tangu Nderingo aanguke mishipa haikuwa imefunguliwa. Ufunguo wake ulikuwa kiganja cha Haikaeli, na Haikaeli alikuwa amekataa.

Siku hiyo aliyepanda alikuwa Mzee Anaeli, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, mfereji ule unaoshusha maji ya Barafu hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani ya kila ukoo. Alikuja kwa kiti cha kuning'inia kwenye waya, macho ameyafumba njia nzima, na alipoteremka alishika ukuta kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Nderingo. Mmelalaje humu kwenye friji yenu?"

"Tumelala. Karibu chai."

Watu wa mlimani hawakuvamii na shida zao. Wanakuzunguka kwanza. Mzee Anaeli aliulizia mashuka, akaulizia pampu, akamwuliza Tesha ataoa lini au anangoja waoe wajukuu wake yeye Anaeli. Chai ilipokwisha ndipo akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la sale lililopigwa fundo, akaliweka mezani.

Haikaeli aliiondoa mikono yake juu ya meza, akaificha mapajani.

Hakuna mtu wa mlima ule asiyejua jani hilo. Anayekuletea sale anakuomba msamaha au anakuomba jambo kubwa. Ukilipokea, umekubali. Ukilikataa ilhali umelishika, umejitenga na watu, na hakuna atakayekuja hata kukuzika. Mzee huyohuyo ndiye aliyemletea sale la kwanza, mwaka ule wa msiba, kwa sababu ni kamati iliyomtuma Nderingo kwenda kurekebisha vipimio siku ambayo mama yake alikuwa amesema Barafu haijatulia. Walichimba kumtafuta, shimo likajifunga. Wakachimba tena, mtu mmoja akavunjika mgongo, wakaacha. Haikaeli alilipokea sale lile mbele ya ukoo mzima kwa sharti moja, kwamba mishipa isifunguliwe mpaka Barafu imrudishe mtoto wake. Walikubali kwa machozi. Walikubali pia kwa sababu mwaka ule ndizi zilikuwa bado zinazaa.

"Mjukuu wangu amevimba miguu," Mzee Anaeli alisema. "Nimempeleka zahanati. Wanasema mtoto anahitaji kula. Ndiyo, nikawaambia, na mimi nilidhani anahitaji kucheza karata."

Haikaeli hakucheka, wala mzee hakuwa anachekesha.

"Kwa kina Makundi wamehama. Kwa kina Mallya wamehama. Udongo umekwisha, mama. Mvua zile za gharika zilikokota chakula chote cha udongo, na maji mnayotushushia ni safi lakini hayana kitu ndani. Upande wa pili wa mlima wamefungua mishipa yao. Unga wa mwamba unashuka na maji, na migomba imerudi kuwa migomba."

Haikaeli aliinuka, akachukua mawe mawili kwenye rafu, akampa moja.

"Lishike. Hilo lilidondoka kutoka kwenye genge huko juu, likabebwa mgongoni mwa Barafu hadi mdomoni kwake. Angalia kona zake."

Mzee aligeuza jiwe. Kona zilikuwa kali, angeweza kujikata.

"Limefika lilivyoondoka. Sasa hili jingine limesafiri njia ileile, lakini lilibebwa tumboni, limegandia chini kabisa, zamani mishipa ilipokuwa wazi."

La pili lilikuwa limeviringika upande mmoja. Upande wa pili lilikuwa bapa mithili ya pasi, na juu ya ubapa huo ilipita michirizo mingi myembamba, yote ikielekea upande mmoja.

"Barafu peke yake ni laini, mzee. Haiwezi kuukwaruza mwamba. Meno yake ni mawe iliyoyashika. Jiwe linausaga mwamba, mwamba unalisaga jiwe, vyote vinakuwa unga. Huo ndio unga mnaoutaka."

"Na kijana yuko wapi? Mgongoni au tumboni?"

"Karibu na tumbo. Mishipa ikiwa imefungwa anabebwa juu kidogo ya mwamba, hagusi. Atatoka mdomoni akiwa mzima, na uso wake. Nitakuwa kizee lakini atatoka." Alinyoosha kidole kwenye lile jiwe bapa. "Mishipa ikifunguliwa, barafu ya chini itayeyuka, naye atashuka mpaka kwenye mwamba."

Mzee Anaeli aliliweka lile jiwe bapa mezani polepole sana. Alifuta kiganja kwenye suruali.

"Sikuombi upokee leo," alisema. "Sale nimeliacha hapo. Shuka kwanza uone."

*

Alishuka Jumamosi. Hakuwa ameshuka tangu Pasaka, na siku zote alijiambia ni kazi.

Kihamba cha ukoo wa marehemu mumewe kilikuwa karibu na mwisho wa waya. Migomba ilisimama na mashina membamba, mikungu yake ina vidole vichache vya ndizi, vingine vimekauka kabla ya kukomaa. Mikahawa ilibaki fimbo. Aliinama akachota udongo, ukamtiririka katikati ya vidole, mwepesi, wa kijivu. Kando ya nyumba lilikuwapo kaburi la mumewe, Elifuraha, limezungushiwa masale, na pembeni yake nafasi tupu iliyozungushiwa masale vilevile, imepaliliwa, imefagiwa. Nafasi hiyo ilikuwa inamngoja Nderingo. Hata masale yake yalikuwa yamegeuka manjano, na sale si mmea wa kufa ovyo.

Jikoni mama mkwe wake, Bibi Aikaruwa, ambaye yeye alimwita Mae, yaani mama, alikuwa anapuliza moto. Chungu kilikaa juu ya mafiga mawili na tofali moja la saruji.

Mafiga yake yalikuwa matatu, ya mawe meusi, aliyoyakuta jikoni humo alipoolewa. Siku Nderingo alipoanguka, bibi alitoa figa moja likiwa bado la moto, akalifunga kwenye khanga, akapanda nalo hadi juu kwa miguu yake, akamwamuru Tesha alidondoshe ndani ya ufa kabla haujajifunga. "Asikae huko kama mtu asiye na kwao," alisema. Tangu hapo chungu chake kiliegemea tofali. Alikataa katakata kuokota jiwe jingine, na nafasi ya figa hilo aliitunza jikoni kama alivyoitunza ile ya nje.

"Shikamoo, Mae."

"Marahaba, Mama Nderingo. Umekonda." Hakuinua kichwa. "Anaeli alipita hapa juzi. Hakusema kitu, akakaa kuwasifia kuku wangu. Nikajua huyu ana lake. Kuku wangu hawana sifa."

"Ameniletea sale."

Bibi aliacha kupuliza. "Umelipokea?"

"Bado. Nimesema nitashuka nione."

"Umeona?"

"Nimeona." Haikaeli alikaa kwenye kigoda. "Kihamba kinakufa, Mae. Kikifa tutamzika wapi?"

"Kihamba kinakufa na kinafufuka. Mimi nimekikuta hiki kikiwa majivu, baada ya moto, na nikapanda. Mtu akishasagwa utampanda wapi?"

"Kuna watoto wanavimba miguu."

"Nimewaona. Unadhani sina macho? Mayai ya hao kuku anayala nani?" Bibi alikoroga chungu kwa nguvu, mchuzi ukaruka ukaunguza mkono wake, akaupuuza. "Sikuambii kwamba hawana shida. Nakuambia yule ni wangu. Wewe ulikuwa huko juu na mabomba yako, mimi nikambeba. Alilala mgongoni kwangu mpaka mgongo ukazijua pumzi zake. Nataka nimwone uso, nimfunike, nimalize. Baada ya hapo fungueni hata mbingu."

Haikaeli alijua kwamba lote hilo lilikuwa kweli. Alikuwa huko juu. Na alipokuwa huko juu ndiko alikomfundisha mtoto kuipenda Barafu. Alikunywa mtori uliokuwa maji zaidi ya ndizi, akaaga.

Njiani kurudi kwenye waya alimkuta mjukuu wa Mzee Anaeli amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha juani. Msichana huyo alikuwa amebuni mchezo. Alibonyeza kidole juu ya mguu wake, akakitoa, akaangalia.

"Shikamoo, bibi fundi. Angalia, shimo linabaki."

Haikaeli aliangalia. Shimo lilibaki. Mtoto akabonyeza jingine pembeni yake, akafurahi.

*

Kwa wiki nzima yeye na Tesha walitafuta njia ya katikati. Waliiunda Barafu upya ndani ya kompyuta, wakafungua mishipa ya mashariki peke yake. Barafu ilichanika vipande viwili, na kipande kimoja kikaangukia nyumba za juu. Wakafungua nusu. Barafu ilijivuta kidogo, ikaganda, ikasukumana nyuma yake mpaka ikapasuka. Wakajaribu kuelekeza njia impitishe Nderingo pembeni, na kila walipojaribu nukta yake nyekundu ilishuka, ikagusa mstari wa mwamba, ikaanza kufifia.

"Angekubali," Tesha alisema siku moja, macho yake kwenye kioo. "Ninavyomjua, angesema fungueni."

"Nani? Nderingo?" Haikaeli alitikisa kichwa. "Angenuna. Angesema, kwa nini mimi, kwani mwamba umekosa mawe? Alikuwa na miaka ishirini na miwili, Tesha, si mtakatifu. Usimfanye akubali kitu ambacho hakuulizwa."

Tesha aliinamisha kichwa. Naye alikuwa amempenda.

Kwa hiyo hakuna aliyekubali kwa niaba ya marehemu, na hilo ndilo lililomwumiza Haikaeli zaidi. Kama angefungua, angefungua yeye. Asingekuwa na wa kumtupia. Akifumba macho aliuona mguu wa yule mtoto na mashimo yake mawili, na akiyafumbua alisikia tii, kimya, tii. Alikasirika. Aliwakasirikia watu wa vihambani kwa kuwa na njaa, akaikasirikia kamati, akamkasirikia hata mwanawe kwa kutovaa kamba siku ile. Kisha asubuhi moja alijikuta ameshika jani la sale la Mzee Anaeli, amelishika vizuri, na hakumbuki alilichukua mezani saa ngapi.

Siku hiyohiyo alishuka tena. Safari hii alikata jani lake mwenyewe kwenye masale ya kaburi la mumewe, akalipiga fundo, akaelekea mlangoni kwa mama mkwe wake.

Bibi Aikaruwa alikuwa amesimama kizingitini. Alimwona anavyotembea, akamwona alivyoficha mkono wa kulia nyuma ya kitenge, akaelewa. Hakungoja kulitazama lile jani. Aliingia ndani akafunga mlango, na komeo likasikika.

"Mae," Haikaeli alisema nje. "Nifungulie, nikuombe kwa heshima."

Aligonga ubao kwa kiganja.

"Mae, nisikilize basi. Nimepokea la Anaeli. Nitafungua Jumatatu."

"Nenda ukafungue, fundi," sauti ya bibi ilisema kutoka ndani. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Tangu mtoto azaliwe, miaka yote hiyo, jina lake kinywani mwa mwanamke yule lilikuwa Mama Nderingo.

Haikaeli alilichomeka jani kwenye ufa wa mlango, akaondoka analia hadharani, na majirani waliokuwa njiani walijifanya wanatazama migomba.

*

Jumatatu Mzee Anaeli alipanda na wajumbe wawili. Walivua kofia. Tesha aliwasha pampu, maji yakaanza kupata moto, na sakafu ya kituo ikatetemeka kidogo chini ya viatu.

Haikaeli aliwasha kipaza sauti. Mjumbe mmoja alitaka kumwambia kwamba si lazima, Mzee Anaeli akamshika mkono.

Tii. Kimya. Tii.

Aliweka kiganja chake kwenye bamba la kufungulia mishipa. Bamba lilikuwa la baridi, kisha likapata joto, kisha taa ikabadilika rangi. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu Barafu yote ilitoa sauti, si ya kupasuka bali ya kujisogeza, na kwenye kioo mistari yote ikaanza kwenda.

Kengele iliongeza mwendo. Tii, tii, tii. Kadiri barafu ya chini ilivyoyeyuka ndivyo uzito ulivyozidi, na kengele ilikula uzito huo ikaimba haraka kuliko ilivyowahi. Mchana uligeuka alasiri. Wajumbe walikaa chini. Tesha alileta chai ambayo hakuna aliyeigusa. Kisha mlio ukaanza kuchanganyika na kitu kingine, mkwaruzo mkavu, kama wa mtu anayekwangua ukoko sufuriani.

"Amefika kwenye mwamba," Haikaeli alisema, kwa sauti ileile ambayo angemsomea mtu kipimo.

Alisogeza kiti karibu, akaegemeza paji la uso kwenye kipaza sauti. Wakati wa kumwambia kitu ulikuwa umebaki kidogo, naye hakuwa na kitu kikubwa cha kusema. Alimwambia kwamba nyumbani kuku wameongezeka. Alimwambia kwamba Tesha bado hajaoa. Alimwambia, "Nisamehe, baba," na hapo akakwama kwenye neno hilo, akalirudia mpaka likakosa maana. Mlio ukakatika, ukarudi mmoja, ukakatika. Ukabaki mkwaruzo tu, wa mawe na mwamba, ambao ungeweza kuwa wa jiwe lolote.

Mzee Anaeli alikuwa analia bila kujificha. Haikaeli alizima kipaza sauti, na toka siku hiyo hakukiwasha tena.

*

Maji meupe yalianza kushuka kwenye mfongo kabla ya masika, meupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, na ukiyaacha kwenye bakuli yanatua unga laini ambao huwezi kuuhisi kwa vidole. Kwa desturi ya mfongo, maji hugawanywa kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Kamati iliamua zamu ya kwanza iende kwa kina Nderingo. Watu walisimama kwenye kingo, majembe begani, hakuna aliyefungua lango lake.

Bibi Aikaruwa alikuja na mashina mawili ya migomba iliyokufa, akayasukumia mdomoni mwa lango la kihamba chake, akayashindilia kwa tope na mguu. "Mkanywe nyinyi," alisema, akarudi ndani. Basi watu wakayapitisha maji kimyakimya, nyumba inayofuata, na inayofuata.

Misimu ikapita. Migomba ya majirani ilinenepa, mikungu ikaelemea mpaka ikawekewa miti ya kuitegemeza. Mjukuu wa Mzee Anaeli alianza kukimbia. Kina Mallya walirudi. Kihamba cha Bibi Aikaruwa peke yake kilibaki kijivu katikati ya ule ujani wote, na yeye ndani yake, anapalilia nafasi tupu. Majirani walimwachia ndizi mlangoni. Nyingine alizipokea, nyingine aliwapa kuku. Haikaeli alipokuja kumsalimia alijibiwa kutoka ndani: "Marahaba, fundi." Na hapo pakaisha.

Hakuna aliyemlaumu Haikaeli, wala aliyemshukuru kwa mdomo. Walipomwona walimpisha njia, na jambo hilo lilimchosha kuliko matusi.

*

Kazi mpya pale kituoni ilikuwa kukagua kifusi. Barafu inayoteleza haichoki kuleta. Pale inapoishia na kuyeyuka, inatua mzigo wake wote bila mpangilio, mawe makubwa na changarawe na tope pamoja, ukuta mrefu wa kifusi unaokua kila siku. Haikaeli alipita kando yake kila mchana, akiokota, akigeuza, akiangalia michirizo imeelekea wapi.

Jiwe lile alilipita kwanza. Hatua chache mbele akasimama, bila kujua kwa nini, akarudi.

Lilikuwa limeloa, linatoka nusu ndani ya barafu chafu. Upande mmoja ulikuwa umesagwa ukawa bapa, na michirizo imepita juu yake. Kona mbili hazikuwapo. Alilichomoa akaligeuza. Upande wa pili, uliokuwa umeshikwa na barafu, ulikuwa na pengo, na ndani ya pengo, mahali ambapo mwamba haukuweza kufika, palikuwa peusi. Alipitisha kidole. Kidole kilitoka na masizi.

Pengo hilo alilijua. Nderingo alilifanya utotoni, alipojaribu kupasua kuni jikoni kwa shoka la babu yake, shoka likateleza. Bibi alimchapa, kisha akampa ndizi ya kuchoma ili anyamaze.

Haikaeli alikaa chini kwenye kifusi, jiwe mapajani, mpaka Tesha alipokuja kumtafuta. Alimwonyesha pengo tu, na Tesha, aliyelidondosha figa hilo ufani kwa mikono yake, akavua kofia.

Lilikuwa bado zito ingawa limepungua. Alilifunga kwenye kitenge, akakataa kusaidiwa, akashuka nalo kwa miguu kama lilivyopandishwa.

Mlango ulikuwa wazi, bibi yuko jikoni. Kwenye ufa wa ubao, kavu kabisa, lilikuwapo bado lile jani la sale lenye fundo. Hakuna aliyelitoa.

"Shikamoo, Mae."

"Marahaba, fundi."

Haikaeli alipiga magoti mbele ya moto, akafungua kitenge.

Bibi Aikaruwa alilitazama jiwe. Alitazama ule ubapa, na ile michirizo, muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akaligeuza mwenyewe, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye pengo bila kutafuta. Kilikaa humo.

"Lilikuwa naye," alisema.

"Lilikuwa naye, Mae. Walishuka pamoja."

Bibi aliinuka, akaipua chungu, akaliondoa lile tofali la saruji akalitupa nje mlangoni, kuku wakatawanyika. Aliliweka figa mahali pake. Akarudisha chungu. Chungu kiliinama upande mmoja, mchuzi ukasogea ukingoni. Aliligeuza figa, akajaribu tena, kikainama vilevile. Lilikuwa limeliwa sana, halikutosha tena.

Alisimama akilitazama, mikono kiunoni, midomo ikicheza. Haikaeli alifikiri atalia, au atamfukuza.

Badala yake alitoka. Haikaeli alimfuata kwa nyuma, hadi kwenye lango la maji. Bibi aliingia kwenye mfongo na miguu yake mitupu, akashika shina la kwanza, akalivuta. Halikutoka. Akavuta tena. Haikaeli akaingia akashika upande wa pili, wakavuta pamoja, na maji meupe yakaingia kihambani kwa kelele, yakapita katikati ya migomba, yakazunguka kaburi la Elifuraha, yakatandaa kwenye ile nafasi tupu.

Pale langoni, chini ya mashina, palikuwa pamejikusanya tope jeupe la misimu yote hiyo. Bibi aliinama akalichota kwa viganja viwili. Alilibeba mpaka jikoni, limetulia kwenye viganja vyake, bila kumwaga. Alilishindilia chini ya figa, akalilainisha kwa dole gumba, polepole, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Akarudisha chungu.

Kilikaa sawa.

Walisikiliza maji yakipita nje. Bibi alichota mtori, akajaza bakuli moja, akajaza la pili.

"Kaa, Mama Nderingo," alisema. "Kula."